Kusadikika au Rosa Mistika: riwaya ipi tuipandishe jukwaani kwa sauti na ngoma?

Miezi mitano sasa, kila Jumamosi jioni baada ya mazoezi, watu 32 hukaa kwenye mabenchi ya ukumbi tunaoazima hapa Kihesa, Iringa, wakibishana juu ya vitabu viwili. Nusu yao wametoka kwaya, nusu wametoka ngoma. Tuliamua kutengeneza opera ya kisasa kutokana na riwaya ya Kiswahili, na kisa chenyewe kiende kwa miguu na mabega kabla hakijaenda kwa midomo. Vitabu vilivyobaki mezani ni Kusadikika ya Shaaban Robert, iliyochapishwa mwaka 1951, na Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi, ya mwaka 1971. Walimu wa kwaya na viongozi wa vikundi vya Mbeya, Njombe na Songea wamekuwa wakiniuliza tumefikia wapi, kwa sababu nao wanataka kujaribu. Naandika kwa ajili yao.

Kwanza tuelewane tunatengeneza kitu gani. Maigizo yenye nyimbo tunayajua, kila Pasaka kuna kwaya inayaandaa. Opera ya ngoma ni kazi nyingine: maneno yake huimbwa, na kisa chake huchezwa. Mimi huipima kwa namna mbili. Mtu akiziba masikio, je, bado anajua nani amemkosea nani? Akifumba macho, je, moyo bado unamwenda mbio pale panapostahili? Ikishindwa kipimo cha kwanza, hiyo ni kwaya iliyopambwa na wachezaji. Ikishindwa cha pili, ni ngoma iliyowekewa muziki.

Wapo walioniambia kwamba hii ni kazi ya wazungu na sisi tunaiga tu. Sikubaliani nao. Monica Wilson na mumewe Godfrey, watafiti wa mila na desturi, walikaa na Wanyakyusa wa Rungwe kati ya 1934 na 1938, na Monica aliandika alichokiona msibani: wanawake wanaomboleza, vijana wa kiume wanacheza na mikuki yao, ngoma zinapigwa, na yote hayo ni msiba mmoja. Sauti ina kazi yake na mwili una kazi yake. Mtu wa Tukuyu hahitaji kufundishwa kwamba huzuni huchezwa.

Na kabla sijaulizwa tena: ndiyo, hapa Iringa kila mtu anataka Mkwawa, mtawala wa Wahehe aliyepigana na Wajerumani. Vita ya Lugalo ya tarehe 17 Agosti 1891 ni opera tosha, na fuvu lake lililorudishwa Kalenga mwaka 1954 ni pazia la mwisho ambalo mtunzi yeyote angelitamani. Lakini hiyo ni historia, tena ni ya familia zilizo hai na majirani zetu. Kazi ya kugeuza riwaya ina masharti yake, na ndiyo ninayoizungumzia.

Kitabu kimenyamaza wapi?

Vikundi vingi huchagua kitabu kwa sababu kinapendwa, au kwa sababu kilikuwa cha kiada na watu wanakijua. Sababu hizo zitauza tiketi, lakini hazitakupa ngoma. Kila riwaya ina mambo ambayo imeyasema kwa ufasaha hata mwili hauna la kuongeza. Pia ina mahali iliponyamaza, ama kwa sababu maneno hayatoshi, ama kwa sababu mambo yenyewe yametokea nje ya macho yetu. Ngoma inaingia kwenye ukimya huo. Kwa hiyo, nikishika kitabu, naanza kutafuta kilipofunga mdomo.

Kusadikika ni kitabu cha kusema. Karama ameshtakiwa na Waziri Majivuno kwa kutaka kueneza elimu ya sheria, amesimama mbele ya Mfalme Jeta, naye anajitetea kwa habari za wajumbe sita waliotumwa kuitafutia nchi mema: Buruhani mashariki, Fadhili magharibi, Kabuli kaskazini, Auni kusini, Ridhaa mbinguni, Amini ardhini. Waliporudi walilipwa adhabu. Hoja juu ya hoja, sentensi zilizopangwa kwa mizani, kila moja ikijibiwa na mwenzake. Ukijaribu kuzicheza hoja hizo utabaki na watu wanaonyoosheana vidole. Lakini tazama: safari zote sita tunazipata kwa kinywa cha mshtakiwa akiwa kizimbani. Hakuna anayesafiri mbele yetu. Mtu anashuka kutoka nchi iliyo angani mpaka ardhini, na sisi tunasikia habari tu. Ukimya wa Kusadikika uko hapo, tena ni mkubwa, umegawanyika vipande sita, na kila kipande kinaomba ngoma yake.

Rosa Mistika imenyamaza mahali pengine. Rosa ni binti wa Zakaria na Regina wa Namagondo, Ukerewe. Baba ni mlevi na mkali, anampiga binti yake kwa sababu ya barua ya mvulana. Binti anakua akiogopa hata kusimama na mwanamume, kisha anafika shule ya wasichana Mwanza na baadaye chuo cha ualimu Morogoro, na uhuru unamkuta hana pa kuushikia. Mwisho anajitoa uhai. Kezilahabi ameandika kwa sentensi fupi, zinazopita haraka juu ya mambo mazito, na kilichobaki chini yake ni mwili wa msichana: unavyojikunja unapopigwa, unavyojifunza kutembea upya mjini, unavyotazamwa. Kitabu kilipotoka kilizuiwa shuleni kwa sababu kilithubutu kuutaja mwili huo. Mwili huo ndio mali ya mcheza ngoma.

Kwa kipimo hiki peke yake Rosa anashinda, na sitaficha kwamba moyo wangu uko kwake. Kusadikika inakupa nafasi ya kucheza katikati ya hotuba. Rosa anakupa kisa kinachokaa ndani ya mwili tangu ukurasa wa kwanza.

Barua huchezwaje?

Hapa ndipo tulipogombana kuliko mahali pengine popote, na nitapakalia kidogo.

Pushkin, mshairi wa Urusi, aliandika riwaya ya kishairi ambamo msichana, Tatiana, anamwandikia barua Onegin, mwanamume aliyekutana naye punde tu. Mwaka 1879 Tchaikovsky aliigeuza kuwa opera, na Tatiana anaimba barua hiyo akiwa peke yake usiku, anaandika, anafuta, anaandika tena. Sauti inabeba kila kitu. Mwaka 1965, mjini Stuttgart, John Cranko aliigeuza riwaya hiyohiyo kuwa baleti. Alitumia muziki mwingine wa Tchaikovsky, bila hata nota moja kutoka kwenye ile opera. Barua aliifanyaje, ikiwa mchezaji haimbi na mtazamaji hawezi kusoma karatasi kutoka kiti cha nyuma? Tatiana analala juu ya meza, Onegin anatokea kwenye kioo, na wanacheza pamoja ndani ya ndoto. Hakuonyesha maneno ya barua. Alionyesha kile ambacho barua inakitaka.

Sasa rudi Namagondo. Barua iliyomletea Rosa kipigo haikuwa yake, ameandikiwa. Kwenye jaribio letu la kwanza mwimbaji aliisoma kwa sauti nzuri sana, kisha Zakaria akaingia na fimbo. Ikawa maigizo ya shule. Mara ya pili tuliiacha barua isisomwe kabisa. Mvulana alicheza maneno yake pembeni kabisa mwa jukwaa, mbali na Rosa, hawakugusana hata kidole, na Rosa alirudia miondoko ileile kidogo sana, kwa mikono tu, akiwa amekaa anachambua mboga. Baba aliikamata mikono hiyo. Ukumbi ulinyamaza, na mama mmoja aliyekuja kumchukua binti yake alisimama mlangoni hakuondoka. Tangu siku hiyo naamini kwamba Rosa anachezeka, na kwamba njia ni ya Cranko: usiicheze karatasi.

Somo jingine limo katika riwaya ya Dumas mdogo ya 1848, ile ya mwanamke wa maua ya kamelia. Riwaya inaanza na mnada wa vitu vya marehemu. Verdi alipoifanya opera mwaka 1853 aliuacha mnada, akaanza na sherehe, kwa sababu sherehe ina kwaya na vinywaji na sauti nyingi. John Neumeier alipoifanya baleti mwaka 1978, kwa muziki wa Chopin, aliurudisha mnada mwanzoni: watu wanapita kati ya vitu vya mtu ambaye hayupo, na kila kitu kinamwita. Sauti inapenda umati, mwili unapenda vitu. Kwa Rosa, sisi tungeanza na tranka. Kila familia ya Nyanda za Juu iliyopeleka mtoto bweni inalijua tranka hilo, jina limeandikwa kwa rangi nyeupe kwenye mfuniko, na kufuli. Lifunguliwe jukwaani, nguo zitolewe moja moja.

Kusadikika haina barua wala tranka. Ina kizimba. Kwa kizimba dawa ni nyingine, na kwa bahati nzuri Waafrika wenzetu walishaijaribu. Mwaka 1963 kule Ibadan, Kola Ogunmola alichukua riwaya ya Amos Tutuola ya 1952, ile ya mlevi wa mvinyo wa mchikichi anayemfuata mgema wake mpaka nchi ya wafu, akaifanya opera ya Kiyoruba yenye ngoma na nyimbo. Riwaya ile ni safari baada ya safari, haina pa kushika. Ogunmola aliifunga ndani ya ndoto ya mlevi mwenyewe: analala, anasafiri, anaamka. Fremu moja, safari nyingi. Shaaban Robert ametupa fremu tayari, nayo ni mahakama. Karama akianza kuimba habari za Buruhani, mahakama inaganda, Buruhani anatoka miongoni mwa walinzi na kuanza kucheza. Safari ikiisha, anarudi kuwa mfungwa, na Majivuno anaendelea pale alipoishia. Ukishalifanya hilo mara sita, hata mtoto wa darasa la pili anajua kwamba nchi hii huwafunga watu wake wema.

Sauti ya nani, mwili wa nani

Ziko njia tatu za kugawana kazi kati ya mwimbaji na mchezaji, na kila kitabu kinaelekea njia yake.

Ya kwanza ni kila mtu aimbe na acheze mwenyewe. Ndiyo tunayoizoea kwenye ngoma zetu, na inafaa pale wimbo ni mfupi wenye kiitikio. Kwa opera ya saa moja na nusu ni ngumu. Iringa mjini iko mita 1,600 hivi juu ya usawa wa bahari, Mbeya iko juu zaidi, na ingawa mapafu yetu yamezoea, soprano aliyeruka kwa dakika nne hawezi kushika sauti ndefu bila kutetemeka. Tumejaribu. Maneno yalimezwa.

Ya pili ni wachezaji wawe jukwaani na waimbaji wakae pembeni au chini ya jukwaa. Mark Morris alifanya hivyo mwaka 1989 mjini Brussels kwa opera ya Purcell juu ya Dido na Aeneas, na yeye mwenyewe alicheza malkia na mchawi pia. Kusadikika inakaa vizuri hapa. Kwaya ikae pande mbili za ukumbi kama raia wanaosikiliza kesi, na jukwaa libaki la mahakama na safari. Kwaya zetu tayari zinajua kusimama, kufuata mkono wa mwalimu na kusoma nota za do-re-mi. Huwalazimishi wazee wa besi kuruka.

Ya tatu ni mhusika mmoja awe na watu wawili, mwimbaji na mchezaji, wote wakionekana. Pina Bausch aliwagawa hivyo wahusika wa opera ya Gluck mwaka 1975 kule Wuppertal. Mwaka 1996 Philip Glass, akiwa na mtunzi wa miondoko Susan Marshall, aliigeuza riwaya ya Cocteau ya 1929 kuwa opera ya ngoma kwa waimbaji wanne, wachezaji, na piano tatu tu, bila okestra. Hiyo nawapendekezea sana wale wanaodhani opera lazima iwe na wapiga ala 60.

Rosa anadai njia hii ya tatu. Rosa mwimbaji anabaki na sketi ya shule, hatembei sana, anaimba yale aliyofundishwa. Rosa mchezaji ndiye anayekwenda Mwanza na Morogoro. Mwanzo wanatazamana, kisha wanapishana, kisha hawajuani. Zakaria ningemwacha mtu mmoja tu, anaimba na kupiga kwa mwili uleule, kwa sababu yeye hana shaka ndani yake. Mwisho wa kitabu kuna hukumu mbele ya Mungu, baada ya vifo. Hapo Rosa wawili wasimame bega kwa bega tena, na kwaya iliyonyamaza karibu onyesho zima iimbe kwa mara ya kwanza kwa sauti zote nne.

Kifo chenyewe kisichezwe. Hili nalisema kwa msisitizo. Watazamaji wetu ni wasichana wa sekondari, na mtu hawezi kukipamba kitendo kile kwa miondoko mizuri halafu akawaambia waende kulala. Mchezaji atoke, mwimbaji abaki peke yake, ngoma ikatike katikati ya pigo. Baada ya onyesho awepo mwalimu wa malezi au mtu wa kuongea nao. Kikundi kisichoweza kuliandaa hilo kisichukue Rosa.

Ngoma ipi iende wapi

Kusadikika ina mtego mzuri. Safari sita, na Nyanda za Juu Kusini zina ngoma za kutosha: mganda na kioda vya pwani ya Ziwa Nyasa, lizombe la Songea, ing'oma ya Rungwe, na nyimbo za ligombo la Wahehe, zile nyuzi zinazoimba taratibu juu ya ubao wake. Mtu anaona haraka: kila safari na ngoma yake, tumemaliza. Hapana. Ukifanya hivyo umetengeneza wiki ya utamaduni. Kila kikundi kinaingia na njuga zake, kinacheza dakika saba, kinapigiwa makofi, kinatoka, na Karama amesahaulika.

Ngoma lazima ifanye kazi ya kisa. Mganda, kwa mfano, ulikua baada ya Vita Kuu ya Kwanza kwa kuiga gwaride la jeshi: mistari, hatua sawa, kaptura na soksi ndefu. Kwa hiyo usiupe mjumbe anayetafuta elimu. Upe walinzi wa Majivuno. Kila mjumbe anaporudi, mistari ile inamzunguka, na hatua yake, iliyokuwa huru kule alikokwenda, inalazimishwa kuingia kwenye gwaride mpaka inakufa. Mtazamaji ameelewa adhabu bila neno moja. Ligombo nalo lina sauti ndogo ya mtu mmoja. Lipigwe wakati Karama yuko peke yake usiku kabla ya kuitwa tena. Mfalme Jeta atangazwe kwa tarumbeta. Wamoravian wamekuwa Rungwe tangu 1891 na vikundi vyao vya tarumbeta vinajulikana. Ukiwa Mbeya na hukuwaomba wakusaidie, umejinyima.

Kitabu chenyewe kinaipakanisha nchi ya Kusadikika na pepo, zile zinazovuma, na nadhani kwenye ngoma hilo lina thamani kuliko hoja kumi. Nguo ndefu nyepesi, watu wanne kwenye pembe nne za jukwaa, hawaondoki mwanzo hadi mwisho. Mjumbe hawezi kutoka bila kupita kwenye mmoja wao.

Upungufu wake mkubwa ni wanawake. Riwaya ni ya mfalme, mawaziri, wajumbe, wote wanaume, na kikundi kama chetu kina wanawake 19. Tumekubaliana kwamba wajumbe watatu na pepo wote wanne wachezwe na wanawake, bila kubadilisha majina. Mzee mmoja wa besi alilalamika wiki mbili, kisha akamwona binti aliyempa Amini uhai anavyoshuka ardhini kwa magoti, akaacha.

Rosa hana tatizo hilo. Ana jingine: anahitaji mchezaji mmoja wa kike mwenye uwezo wa kubeba dakika 75, na mwenye umri na moyo wa kuyabeba yale mambo. Kikundi cha kijiji chenye wachezaji wazuri 20 wa wastani kitashindwa na Rosa na kufaulu na Kusadikika. Kikundi cha watu 14 chenye mmoja wa aina yake kitafanya kinyume chake. Nchi yetu hii inamjua Rosa. Simama stendi ya Igumbilo alfajiri uone mabinti wenye begi moja wanaopelekwa Dar es Salaam kufanya kazi za ndani. Kilichompata Rosa Morogoro hakihitaji kuelezwa kwa mama zao.

Kiswahili kwenye nota

Jambo hili walimu wa kwaya wanalipuuza, nami nililipuuza miaka mingi. Mkazo wa Kiswahili huangukia silabi ya pili kutoka mwisho. Nyimbo nyingi tulizorithi zilitafsiriwa kwa nota zilizotungiwa lugha nyingine, na tumezoea kuvuta silabi isiyostahili. Kanisani watu wanaelewa kwa sababu wanajua maneno. Kwenye opera mtu anayasikia kwa mara ya kwanza. Neno barabara likikazwa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho ni njia ya magari. Mkazo ukirudi nyuma hatua moja ni sawasawa kabisa. Mtunzi akikosea hapo, Karama atakuwa anatetea ujenzi wa lami.

Kwa hili sentensi fupi za Kezilahabi zinaimbika kirahisi, na ukikata tatu kati ya kila nne bado unabaki na mazungumzo ya watu. Za Shaaban Robert ni ndefu, ila zina mapigo ndani yake, kifungu kinakijibu kifungu, kama mtu na mwitikiaji. Ukiwapa waimbaji wawili, au mmoja na kwaya, zinajipanga zenyewe. Kwa uzoefu wetu ukurasa unaosomwa kwa dakika mbili huimbwa kwa dakika sita, kwa hiyo panga kuacha sehemu kubwa ya kitabu chochote kati ya hivi. Wanaopenda kitabu wataumia. Waache waumie mapema, wakati wa kuandika libreto, yaani maneno ya kuimbwa, wasije kuumia usiku wa onyesho.

Ruhusa

Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 iliweka ulinzi wa uhai wa mwandishi na miaka 50 baada ya kifo chake. Shaaban Robert alifariki 1962, Kezilahabi alifariki Januari 2020. Fanya hesabu mwenyewe. Kwa Rosa Mistika huna njia ya mkato: lazima kibali cha maandishi cha wenye haki, kinachotaja wazi kwamba unageuza riwaya kuwa opera, kabla hujatunga hata kibwagizo. Kwa Kusadikika hesabu inakupendelea, lakini fika COSOTA, ofisi ya hakimiliki, uthibitishe kwa maandishi, na onana na afisa utamaduni wa halmashauri yako mapema, si wiki ya onyesho. Miaka michache nyuma kikundi nilichokuwamo kilifanya mazoezi miezi minne ya kazi ya mtu bila kibali, na tuliambiwa tuache siku sita kabla. Wale vijana hawakurudi tena kwenye ngoma.

Msimu pia upange vizuri. Mvua zetu hunyesha Novemba hadi Aprili au Mei, na zikianza, wachezaji wako wako shambani. Juni hadi Agosti ni kavu, watu wamevuna, lakini usiku wa Mafinga, Njombe na Makete unakaza misuli na kukausha koo. Onyesho la nje liwe saa tisa alasiri. Kusadikika yenye watu 40 inahitaji uwanja na mchana. Rosa anahitaji ukumbi, taa chache na giza.

Kwa hiyo, kama una kwaya kubwa, wapiga ngoma wa kutosha, hela kidogo, na hujawahi kufanya kitu cha namna hii, chukua Kusadikika. Kila kundi linaweza kufanya mazoezi ya safari yake kivyake, Uyole na Tukuyu na Kyela, na mkakutana mwezi wa mwisho kuunga mahakama. Kama una mchezaji yule mmoja, mwimbaji wa kike anayeweza kusimama kimya, kibali mkononi, na wazazi waliokaa wakaelezwa, chukua Rosa, na usimkabidhi mtu asiyempenda.

Sisi tumepiga kura Jumamosi iliyopita. Kusadikika 21, Rosa 11, nami nilikuwa miongoni mwa wale 11. Libreto ya kesi imegawanywa kwa watu wanne, mganda wa walinzi unaanza Jumanne, na barua ya kuomba kibali cha Rosa Mistika nimeshaiandika. Tunaanza na safari ya Amini, kwa sababu yule binti ameshaijua njia ya kushuka.